Magari ya Misaada na Uwakili Wetu

Tunaponena habari za diakonia, kwa kawaida twafikiri juu ya unga, mahema na dawa. Ni mara chache twafikiri juu ya gari livibebalo. Lakini mahindi yaliyo ghalani hayajamlisha mtu.

Na tutazame yaliyotokea Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, wakakusanyika Benaco. Njia mojawapo ya chakula ilikuwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kisha malori.

Tufanye hesabu ya mfano. Kila mtu akipewa nusu kilo kwa siku, watu 250,000 wahitaji tani 125, yaani malori 5 ya tani 25. Ikiwa kwenda, kushusha na kurudi huchukua siku 4, yatakiwa malori 20 yaliyo mazima. Matano yakilala gereji, upungufu ni robo: watu 62,500 hukosa posho ya siku. Basi kipuri kisichoagizwa mapema si jambo la fundi peke yake.

Kutokana na hayo twaona mambo manne. Kwanza, matengenezo yafuate kilomita zilizokwenda, wala yasingoje gari liharibike. Pili, aina za magari ziwe chache, ili vipuri vya moja vifae jingine. Tatu, kila gari liwe na daftari la safari, ambamo dereva huandika kilomita, mafuta na sababu ya safari; hapo ndipo wizi wa mafuta na safari zisizo za huduma hufichuka. Nne, dereva apumzike, wala asisafiri usiku pasipo lazima, maana ajali huwapata hata wapitao kwa miguu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, kanisa lilichagua watu 7 kuisimamia. Halikuiona kazi hiyo kuwa ndogo. Wengi wa wanafunzi wetu watakabidhiwa idara zenye magari. Watakapoletewa daftari la safari ili walitie sahihi, hawana budi kulisoma kwanza.