Chai ya Wamama: Meza Ndogo, Mambo Makubwa



Kuna kinywaji kimoja ambacho sisi wa Kongo ya mashariki tunakiita kwa majina mawili bila hata kufikiri. Kwa Kiswahili tunasema chai. Tukigeuka kwenye Kifaransa tunasema thé. Majina yote mawili yametoka China, lakini yalipita njia tofauti. Sehemu nyingi za China watu waliuita mmea huo "cha". Jina hilo lilifuata misafara ya biashara ya nchi kavu, Waajemi wakasema "chai", likaenea kwa Wahindi na Waarabu, likafika pwani ya Waswahili na mwishowe kwetu. Katika bandari za jimbo la Fujian, watu walisema "te". Waholanzi walikuwa wakinunua majani huko katika miaka ya 1600, na walipoyapeleka Ulaya walipeleka na jina lake. Hivyo ndivyo njia hizo mbili zilivyokuja kukutana katika jikoni zetu.

Ukiacha maji, chai ndicho kinywaji ambacho watu wa dunia wanakunywa kuliko vyote. Juma hili tunataka kuizungumzia, lakini hatutakaa sana kwenye ladha yake. Tunataka kuangalia mambo ambayo wanawake wa nchi mbalimbali waliyaanzisha wakiwa wameketi mbele ya vikombe vyao, wakati ambapo hakuna mtu aliyewapa nafasi ya kusema mahali pengine. Sisi pia hatukutani bila chai. Ni vizuri tujiulize chai yetu inatuzalia nini.

Kinywaji kinachokalisha watu

Chai nyeusi na chai ya kijani zote zinatoka katika mmea mmoja. Tofauti yake ni kazi inayofanywa baada ya kuchuma: majani ya chai nyeusi huachwa yanyauke, husagwa na kuachwa yabadilike rangi kabla ya kukaushwa. Ya kijani hupashwa moto mapema ili yasibadilike. Mchumaji hukata majani mawili machanga na kichipukizi kilicho katikati yao. Ili kupata kilo moja ya chai iliyo tayari, inahitajiwa kilo nne hadi tano hivi za majani mabichi, na majani hayo hayawezi kulala shambani. Lazima yafike kiwandani upesi.

Kila watu wana namna yao. Watibeti huichanganya na siagi na chumvi. Wamoroko hutia nanaa na sukari nyingi, kisha humimina kutoka juu mpaka povu lionekane. Waturuki huinywa katika glasi ndogo tangu asubuhi hadi usiku. Kule Taiwan, katika miaka ya 1980, vijana walianza kunywa chai baridi ya maziwa yenye punje za muhogo ndani yake, na leo inauzwa katika miji mikubwa ya dunia nzima. Punje hizo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, huu huu tunaotwanga sisi.

Lakini karibu kila mahali kuna jambo moja linalofanana. Chai ya moto hainywewi kwa haraka. Lazima maji yachemke, majani yatoe rangi, kikombe kipoe kidogo. Katika muda huo watu hawana la kufanya ila kukaa na kuongea. Wajapani walilielewa hilo mapema. Bwana Sen no Rikyū, aliyekufa mwaka 1591 na anayeheshimiwa kuwa mwalimu mkubwa wa chai katika nchi hiyo, alipenda chumba cha chai chenye mlango mdogo sana. Hata mkubwa alipaswa kuinama ili aingie, na askari aliacha upanga wake nje. Ndani, wote walikaa chini sawasawa.

Karatasi yenye majina 51

Tuende sasa Amerika ya Kaskazini, wakati ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Waingereza walitoza kodi kwenye chai, na wenyeji wa koloni hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika bunge la London. Tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1773, wanaume wa mji wa Boston walipanda merikebu na kutupa baharini masanduku 342 ya chai. Hadithi hiyo inafundishwa katika shule nyingi.

Ile ya wanawake haijulikani sana. Tarehe 25 mwezi wa 10 mwaka 1774, katika mji mdogo wa Edenton, Carolina ya Kaskazini, wanawake 51 walitia sahihi karatasi ya kuunga mkono uamuzi wa kukataa bidhaa za Uingereza, chai ikiwamo. Hawakujificha. Kila mmoja aliandika jina lake. Habari ilipofika London, watu waliwacheka, na mwaka uliofuata ilichapishwa picha ya kuwadhihaki, kana kwamba ni ajabu mwanamke kuwa na neno juu ya mambo ya nchi. Picha ya dhihaka ndiyo iliyosaidia jina lao lisisahaulike.

Tuseme ukweli wote, hata hivyo. Katika nyumba za Edenton kulikuwa pia na wanawake weusi waliokuwa watumwa. Wao ndio waliochemsha maji na kuosha vikombe. Majina yao hayamo katika karatasi ile.

Sukari ya machozi

Chai ya Wazungu ilikuwa na sukari, na sukari hiyo ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibi, ambako Waafrika walifanyishwa kazi mpaka kufa. Jambo hili linatuhusu. Kati ya watu wote waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa minyororo, kundi kubwa lilipakiwa katika pwani ya Kongo na Angola.

Mwaka 1791, bunge la Uingereza lilikataa sheria ya kuzuia biashara ya watumwa. Wanawake wa Uingereza hawakuwa na kura. Lakini nani aliyeamua kitu gani kiwekwe mezani? Familia nyingi zilianza kunywa chai bila sukari. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akipiga vita biashara hiyo, alikadiria kwamba watu 300.000 hivi waliacha sukari ya Karibi. Biashara ya watumwa ilikatazwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe ukaendelea.

Hapo akatokea Elizabeth Heyrick, mwalimu wa mji wa Leicester. Mwaka 1824 aliandika kitabu kidogo akiwapinga wanaume waliosema utumwa uondolewe polepole. Yeye alisema uondolewe sasa. Alipita mlango kwa mlango akiwaomba akina mama waache sukari ile. Mwaka uliofuata wanawake wa Birmingham walianzisha chama chao, na vingine vikafuata katika miji mingine. Heyrick alikufa mwaka 1831. Sheria ya kuondoa utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833. Hakuiona, lakini ilikuwa pia kazi yake.

Wanawake watano na kikombe

Tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 1848, katika mji mdogo wa Waterloo, jimbo la New York, Bibi Jane Hunt aliwaalika wenzake kunywa chai. Walikuwa watano: yeye mwenyewe, Lucretia Mott, Martha Wright, Mary Ann M'Clintock na Elizabeth Cady Stanton. Stanton alikuwa mama kijana mwenye watoto wadogo, na siku hiyo alimwaga yaliyokuwa moyoni: mwanamke aliyeolewa hana mali yake, hana sauti katika sheria, na kazi za nyumba zinammaliza.

Ni maneno ambayo hata sisi tumeyasikia mara nyingi tukiwa na vikombe mkononi. Kwa kawaida mtu analalamika, wenzake wanasema "pole", chai inakwisha, kila mmoja anarudi kwake. Wale watano hawakuishia hapo. Waliandika tangazo la gazeti kuita mkutano, wakaweka na tarehe. Siku kumi baadaye, tarehe 19 na 20, watu 300 hivi walikusanyika Seneca Falls. Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani, alikuwapo, naye alisimama kutetea haki ya wanawake ya kupiga kura. Watu 100 walitia sahihi, wanawake 68 na wanaume 32. Meza ya chai ambayo juu yake waliandika tangazo lao la haki, nyumbani kwa Bibi M'Clintock, imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Washington.

Wanawake wa Marekani walipata kura mwaka 1920. Miaka 72 ilikuwa imepita, na kati ya wanawake waliotia sahihi alibaki hai mmoja tu. Kazi nyingine hupandwa na mtu akijua kwamba wajukuu ndio watakaovuna.

Huko Uingereza nako, vyumba vya kunywea chai vilifunguliwa mjini kuanzia miaka ya 1860. Kabla ya hapo, mwanamke wa heshima hakuweza kukaa peke yake mahali pa kula bila kusemwa. Bibi Kate Cranston alifungua chumba chake cha kwanza Glasgow mwaka 1878. Vyumba kama hivyo viliwapa wanawake kitu ambacho hawakuwa nacho: mahali pa kukutana nje ya nyumba, bila kuomba ruhusa. Waliodai kura walikutania huko mara nyingi.

Wale wanaochuma

Mpaka hapa tumeongea juu ya wanaokunywa. Kuna pia wanaochuma, na katika nchi nyingi wengi wao ni wanawake. Katika miaka ya 1830 Waingereza walianza kulima chai Assam, India, ili wasitegemee China. Mwaka 1867 shamba la chai lilianzishwa Ceylon, inayoitwa leo Sri Lanka. Mwaka 1903 ilipandwa Limuru, Kenya. Wabelgiji nao waliileta katika milima yetu ya Kivu, ambako baridi, mvua na udongo vinaifaa, na mashamba yake yapo mpaka leo.

Mwezi wa 9 mwaka 2015, huko Munnar, katika jimbo la Kerala nchini India, wanawake maelfu wachumaji wa chai waliacha vikapu vyao. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba nyongeza yao ya mwaka itakuwa asilimia 10 tu. Wao walitaka 20. Waliketi barabarani siku tisa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanaume, walipokuja kuongoza, wanawake waliwafukuza, kwa sababu waliona kwa miaka mingi kwamba viongozi hao walikula na wakubwa. Walijiita Pembilai Orumai, yaani umoja wa wanawake.

Walipata asilimia 20. Mshahara wa siku walioudai, rupia 500, hawakuupata wote, ingawa uliongezwa baadaye. Lakini walikuwa wamejionyesha wenyewe kwamba wanaweza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vilevile vinavyochuma majani mawili na kichipukizi vilijifunza kukunja ngumi pamoja.

Na chai yetu?

Tukizilinganisha hadithi hizi, tunaona kwamba chai yenyewe haikufanya kitu. Wanawake wa Edenton waliandika majina. Wanawake watano wa Waterloo waliweka tarehe kabla ya kuachana. Heyrick alipita nyumba kwa nyumba. Wanawake wa Munnar walikubaliana juu ya hesabu moja, wote wakaitaja hiyo hiyo.

Katika mikutano yetu tunaongea mengi: karo ya watoto, bei ya unga sokoni, maji ambayo hayafiki, mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu za mume, likelemba ambayo mmoja alipokea zamu yake kisha akaacha kutoa. Tunaongea vizuri na kwa uchungu. Juma linalofuata tunaongea tena yaleyale.

Tunapendekeza mambo matatu, na vikundi vya kila mtaa viyajaribu kwa mwezi mmoja. Kwanza, kabla ya chai kumiminwa, tuchague jambo moja tu la siku hiyo. Pili, mmoja aandike kwenye daftari: tumeamua nini, nani atakwenda kwa nani, na siku gani ataleta jibu. Mama asiyejua kuandika ataje jina lake, liandikwe mbele yake, na asomewe kwa sauti. Tatu, tuangalie ni nani anayechemsha maji. Mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote, au yule asiye na kitu, au binti wa mwenye nyumba. Anazunguka na termosi, anaosha vikombe nyuma ya nyumba, na wakati wa kuamua hayupo. Tufanye kwa zamu, na hata mama rais wetu awe na zamu yake.

Tarehe 21 mwezi wa 5 ya kila mwaka, Umoja wa Mataifa umeiweka kuwa siku ya chai duniani. Hatuna haja ya kuingoja. Mkutano wetu unaofuata uko karibu. Njooni na sukari kidogo kama kawaida, na anayeweza alete daftari na kalamu.