Nyumba ya Kwihara na Hoteli za Ufukweni

Wanachama kadhaa wenye ardhi ishukayo hadi baharini wametuuliza: akija mtu na ramani ya hoteli ya wageni, tumwulize nini kabla ya kukubaliana naye? Jawabu letu huenda likawashangaza, maana twawapeleka mbali na bahari, hadi Kwihara, karibu na mji wa Tabora.

Huko ipo nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walifika hapo mwaka 1872 wakitoka Ujiji, na mwaka 1873 maiti ya Livingstone ilipitishwa Kwihara, akina Chuma na Susi wakiichukua kwenda pwani. Lakini sisi twaitazama nyumba yenyewe.

Tembe za namna hiyo zilijengwa na wafanyabiashara waliotoka Unguja na Mrima, watu wa pembe na, hatufichi, wa watumwa. Kutoka Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi kwa miguu. Nani angewatwika wapagazi mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko? Basi walijenga kwa udongo wa pale pale na miti ya porini, kuta nene, paa bapa lililotandazwa udongo, kama watu wa bara walivyokwisha jua. Cha kwao kilikuwa mlango wa nakshi, baraza na ua wa ndani. Mtu wa Unguja akifika huitambua mara moja, ingawa hamna jiwe hata moja la pwani.

Sasa, mwenye hoteli asiige tembe! Paa bapa la udongo kwa masika ya Pemba litavuja mpaka kitandani. Aige ile akili. Kwetu mawe yapo, makuti yapo, na pepo za kusi na kaskazi zapita bure kwa mwenye kuzifungulia madirisha. Boriti ndizo za kuangaliwa. Vyumba vya zamani vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti, yapata mita 3. Achoraye hoteli nzima kwa boriti atamaliza mikoko, na mikoko ndiyo izuiayo bahari isile mashamba yetu.

Tena mwulizeni baraza itaelekea wapi. Baraza ya kwetu huelekea njiani, apitaye akasalimiwa. Hoteli kadhaa tulizoziona zimeiweka ndani ya ukuta, na njia ya wavuvi kushukia pwani imezibwa. Mkiliona hilo katika ramani, msitie sahihi mpaka lifutwe.