Trauti wa kijito hukuona kabla hujamwona

IKIWA umewahi kupanda matatu kutoka Karatina kwenda Nanyuki, basi umeipita mito ambayo pengine hukuitupia hata jicho. Daraja ni fupi, dereva hapunguzi mwendo, na kabla hujageuza shingo Naro Moru umekwisha kuwa nyuma yako, halafu Burguret. Wakati wa kiangazi maji yenyewe hayapiti magoti. Nani angedhani kwamba katika vijito vya namna hiyo mna samaki ambaye kuna watu huvuka bahari kuja kumtafuta?

Naam, yumo. Anaitwa trauti, na Januari na Februari, miezi ambayo mito ya Mlima Kenya na Aberdare hupungua na kuwa myeupe kama kioo, ndiyo miezi ambayo kumvua ni kazi ya mtu mwenye subira. Wenzetu wa Ulaya hukutana na maji ya namna hii Julai na Agosti, wakati wa joto lao. Sisi kwetu Julai huwa ni ukungu na baridi ya kuvaa makoti mawili. Lakini samaki ni yule yule, na ujanja wake ni ule ule.

Trauti si mwenyeji wa humu nchini. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland, na mto Gura wa Aberdare ukapata wageni. Miaka michache baadaye akaja trauti mwingine, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni mito ya Marekani Kaskazini inayomwagikia Bahari ya Pasifiki. Huyu wa pili ndiye utakayekutana naye mara nyingi zaidi leo. Wa kahawia utamtambua kwa madoa yake, meusi na mekundu, kana kwamba mtu alimnyunyizia wino.

Wageni hawa walipendwa na walowezi kuliko walivyopendwa na wenye mito. Nyanya yangu, aliyezaliwa na kuzeekea hatua chache kutoka mtoni, hakuwahi kumwonja hata mmoja. Kwake samaki alikuwa jamaa ya nyoka, na chungu kilichompika hakikustahili kurudi jikoni kwake. Isitoshe, mto ulikuwa na leseni, na leseni haikuwa ya watu kama sisi. Mtoto aliyeonekana ukingoni na mshipi na mnyoo alikimbizwa kama mwizi wa kuku.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa kijijini, ambaye sote tulimwita Guka. Katika ujana wake alikuwa akiwabebea Wazungu vikapu vya samaki. Miaka mingi alitembea nyuma yao bila kushika fimbo, akitazama tu. Walipoondoka, mmoja alimwachia fimbo iliyopasuka, naye akaifunga kwa uzi na gundi. Sijaona mtu aliyevua vizuri kuliko yeye.

Siku ya kwanza aliponichukua mtoni nilikuwa na miaka kumi. Nilikimbilia ukingoni nichungulie, na vivuli vitatu vikapaa chini ya jiwe. Guka aliketi kwenye nyasi akatoa ugoro wake.

“Tunangoja nini, Guka?” nikauliza.

“Tunangoja wakusahau,” akasema.

Tulikaa karibu nusu saa. Ndilo somo la kwanza, msomaji, na wengi hulifeli. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mto utokako, kwa sababu chakula chake huletwa na maji. Kwa hivyo anayemjia kutoka juu humjia usoni, na anayemjia kutoka chini humjia kisogoni. Basi anzia chini, upande kwenda juu polepole. Mtu aliyesimama wima huonekana kutoka mbali. Aliyepiga magoti huweza kusogea karibu zaidi. Usivae shati jeupe. Kivuli chako kisitangulie majini. Na usikanyage kwa kishindo, maana ukingo wa udongo hupeleka hatua zako majini, na samaki huzihisi mwilini mwake. Mvuvi wa kiangazi hurudi nyumbani suruali yake imechakaa magotini, na mke asishangae.

Chambo nacho si mnyoo. Desturi ya mito hii ni nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovikwa uzi na manyoya ikafanana na mdudu. Geuza jiwe lolote mtoni utaona ninachosema: chini yake mmeng'ang'ania vidudu vyembamba vyenye mikia, na vingine vilivyojijengea nyumba za mchanga kama bomba dogo. Hivyo ndivyo anavyokula trauti. Vikikomaa hupanda juu, huota mabawa na kuruka, na hapo ndipo utaona duara likipanuka juu ya maji pale samaki alipomdaka mmoja. Nzi wa kumwigiza unaweza kumfunga mwenyewe mezani: manyoya ya shingo ya jogoo, unyoya wa kanga, uzi wa cherehani. Yuko nzi mmoja mweusi wa hapa kwetu, ajulikanaye kama Kenya Bug, ambaye wavuvi wengi hawatoki nyumbani bila yeye.

Nzi huyu hana uzito wowote. Huwezi kumrusha kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kiasi, na nzi hufuata tu mwishoni mwa uzi mwembamba usioonekana. Unauinua mshipi nyuma, unangoja unyooke huko nyuma, ndipo unausukuma mbele. Hapo katikati, pale pa kungoja, ndipo sisi wengi huharibu. Mkono huwa na haraka.

Lakini kijito cha mlimani mara nyingi hakikupi nafasi ya kurusha nyuma. Kuna mianzi, kuna miiba, kuna matawi yaliyojaa nzi wa wenzako. Guka alikuwa na dawa yake: alimshika nzi kwa vidole viwili, akauvuta mshipi hadi fimbo ikapinda kama upinde, kisha akaachilia. Nzi aliruka moja kwa moja chini ya tawi akatua juu ya maji kama vumbi. Baadaye nilikuja kujua kwamba wavuvi kote duniani wanaijua mbinu hii. Wakati ule niliamini ni uchawi wake.

Nzi akishatua, mwache aende na maji. Akiburutwa na mshipi, hata kidogo tu, trauti atamsindikiza kwa macho na kurudi mahali pake. Tafuta pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, nyuma ya jiwe, chini ya mizizi. Nenda asubuhi, saa moja hadi saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Saa sita mchana jua linapowaka juu ya utosi, samaki huwa amejificha na wewe ufanye hivyo hivyo. Kabla ya yote hayo, pitia afisi ya uvuvi ujue leseni na kanuni, na kama mto uko ndani ya mbuga, lipia kiingilio. Huko Aberdare nyati pia hunywa maji, na hana subira ya mvuvi.

Na akinasa? Usitarajie nyangumi. Trauti aliyezaliwa katika kijito, si yule aliyeletwa kifaranga kutoka kituo cha serikali cha Kiganjo, huenda asizidi urefu wa kiganja na nusu. Lakini mshipi hutetemeka hadi begani.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshika kalamu.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, na yakikaribia 25 hufa, kwani maji ya moto hayawezi kubeba hewa ya kumtosha. Ndiyo maana mvuvi mwema huacha kuvua siku maji yakiwa na joto, hata kama ana nia ya kumrudisha samaki. Jike naye hutaga mayai changaraweni. Hulala ubavu, akapiga mkia, akachimba kishimo, akataga, kisha akayafunika kwa kokoto. Katika maji ya nyuzi 10 mayai ya yule wa mstari wa waridi huchukua karibu mwezi mmoja kuanguliwa. Muda wote huo lazima maji safi yapite kati ya kokoto. Tope likishuka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, hujaza ile mianya, na mayai hukosa pumzi.

Februari 2017, mwaka ule wa ukame, nilirudi kwenye kidimbwi alichonionyesha Guka. Kijito sikitaji jina. Mvuvi akikutajia jina la kijito chake, jua amekudanganya. Nilikuta mawe makavu. Mipira ya kunyunyizia mashamba ilikuwa imelazwa kutoka juu, mmoja baada ya mwingine, na katikati ya mto kulikuwa na dimbwi la ukubwa wa karai. Ndani yake mlikuwa na trauti mmoja, amegeuza ubavu, bado anapumua.

Sikuwa na wa kumlaumu kwa urahisi. Mwenye mpira wa kwanza ni mtu ninayemjua, na kabeji zake ndizo karo ya watoto wake. Wakulima wa chini, ambao maji hayakuwafikia kabisa, nao wana watoto. Kaskazini zaidi, Ewaso Ng'iro, inayolishwa na vijito hivi, hungojwa na wafugaji na ng'ombe wao. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe kwenye miteremko ya Aberdare mwaka wa 1940, alisimulia katika kitabu chake Unbowed jinsi mkuyu wa utotoni mwake ulivyokatwa na kijito kilichokuwa kando yake kikakauka. Anayetaka kujua kama kijito kinaishi anaweza kusoma ripoti, au anaweza kupiga magoti alfajiri akatazama kama kuna duara juu ya maji.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Nilikaa miaka bila kwenda. Kiangazi kilichopita binti yangu, ambaye ana miaka kumi na mmoja, alinishika shati akataka kujua zile ndoana zenye manyoya zilizomo katika mkebe wa majani ya chai ni za nini. Tukaenda.

Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu, lakini yalikuwa yakienda. Tulipanda juu zaidi ya kidimbwi cha Guka, mahali ambapo mianzi haijakatwa. Nilimwambia aketi.

“Tunangoja nini, Baba?”

Nilimjibu nilivyojibiwa. Alikaa kimya, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea. Baada ya dakika nyingi alinyoosha kidole bila kuinua mkono. Chini ya mzizi, mahali ambapo mimi sikuwa nimeona kitu, duara dogo lilifunguka juu ya maji, likapanuka, likapotea. Halafu jingine.

Nikampa fimbo.