Majina ya vigeu katika hifadhidata huria

Jina la kigeu ni neno ambalo mtunga programu hulitumia kutajia thamani inayoweza kubadilika, kama vile bei, tarehe au uzito. Katika programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kusomwa na kurekebishwa na yeyote, jina hilo husomwa na watu wengi wasiofahamiana. Kwa hiyo uwazi wa majina huangaliwa katika mapitio ya msimbo, yaani pale mtunga programu mwingine anapousoma msimbo mpya kabla haujapokewa. Kwa kompyuta, x na uzito_kwa_kilo ni sawa. Anayepotea ni msomaji.

Mfano wa sokoni

Katika soko la Mwanakwerekwe, kisiwani Unguja, kuna bidhaa zinazouzwa kwa kilo na nyingine kwa fungu. Tuseme mchuuzi amenunua kilo 20 za nyanya kwa shilingi 1,500 kila kilo, akaziuza kwa mafungu 50 ya shilingi 1,000. Faida yake ni shilingi 20,000. Lakini kama programu yake ya hesabu ina kigeu kiitwacho idadi tu, anayeirekebisha anaweza kudhani ni idadi ya kilo. Hapo programu itazidisha 20 kwa 1,000 na kuonyesha hasara ya shilingi 10,000, bila onyo lolote. Majina idadi_ya_mafungu na kilo_zilizonunuliwa huondoa utata huo.

Neno saa nalo lahitaji uangalifu: saa 2 asubuhi kwa Kiswahili ni 8:00 kwenye kompyuta, na "saa 2" yaweza pia kuwa muda wa kazi.

Mfano wa hospitalini

OpenMRS ni mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004; mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, Kenya. Katika hifadhidata yake, wakati mgonjwa alipopimwa huitwa obs_datetime, na wakati taarifa ilipoingizwa huitwa date_created. Karatasi ya kliniki huweza kuingizwa siku kadhaa baada ya kipimo. Kama nyakati zote mbili zingeitwa tarehe, daktari angeweza kukichukua kipimo cha wiki iliyopita kuwa cha leo. Vilevile birthdate_estimated huonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria, jambo linalohitajika kwa watu wasio na cheti cha kuzaliwa.

Maswali ya mpitiaji

Mpitiaji huuliza: kigeu hiki kinataja kitu gani, kwa kipimo gani, na cha wakati gani? Kama jibu halimo katika jina, huomba libadilishwe mapema. Jina la safu likishaingia katika hifadhidata, ripoti na programu nyingine hulitegemea, na kulibadilisha huwa kazi kubwa.