Upasuaji wa kupunguza tumbo: Hatari haiishii hospitalini

Mama mmoja wa watoto watatu aliniuliza majuzi: “Daktari, nikikatwa hili tumbo nitarudi nilivyokuwa?” Nilimjibu kwamba tumbo laweza kupungua, lakini kwanza ajue anachokubali.

Katika upasuaji huu, daktari hupasua tumbo upande wa chini, kutoka nyonga moja hadi ya pili. Huondoa ngozi na mafuta yaliyozidi, hukaza misuli iliyolegea, kisha hushona. Kovu hubaki maisha yote. Tena hii si tiba ya unene.

Matatizo ya kawaida ni majimaji kujikusanya chini ya ngozi, damu kuvuja, kidonda kutunga usaha na ngozi kufa ganzi. Kwa wavutaji sigara, ngozi huweza kukosa damu ya kutosha ikaoza. Ndiyo maana mvutaji hutakiwa kuacha angalau wiki nne kabla ya upasuaji.

Wengine huchagua kunyonywa mafuta kwa mrija wakidhani ni jambo dogo. Mrija ukienda kombo huweza kutoboa utumbo. Mnamo Oktoba 2024, kifo cha mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii jijini Nairobi kiliwashtua Wakenya wengi.

Hatari ninayoihofia zaidi ni damu kuganda katika mishipa ya miguu. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huweza kuua ghafla, hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Kwa hivyo, anza kutembea mapema kama utakavyoelekezwa. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinachoma au pumzi inakatika, kimbilia hospitali. Fanya hivyo pia ukipata homa, kutapika au maumivu ya tumbo yanayozidi. Usingoje kuche.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza: Je, daktari huyu amesomea upasuaji wa urembo na amesajiliwa na Baraza la Madaktari? Nani atakayetoa dawa ya usingizi? Mambo yakiharibika, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Na usiku nitampigia nani simu?

Yule mama bado anataka mtoto wa nne. Nilimshauri asubiri, kwani mimba nyingine huweza kulilegeza tumbo tena.