Je, Wajua? Kutosomeka Si Kupotea

Mpiga picha wa harusi mjini Tabora anachomeka hadidiski ya nje. Taa inawaka, kompyuta kimya. "Haisomi!" Kabla hajakata tamaa, na ajue haya.

Je, wajua kuwa mshukiwa wa kwanza ni waya? Huchoka mapema, hasa pale shingoni mwa plagi. Tena nyaya nyingine za kuchajia simu hupitisha umeme tu, data hazipitishi. Badilisha waya, halafu tundu, halafu kompyuta. Kimoja kimoja, la sivyo hutamjua mkosaji.

Je, wajua kuwa taa kuwaka si ushahidi wa umeme wa kutosha? Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Hadidiski ya inchi 2.5 huishi kwa umeme huohuo, na ukipungua, sahani zake hushindwa kuzunguka sawasawa. Ya inchi 3.5 huja na adapta yake. Kwa hiyo ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB chenye flashi na vipanya.

Je, wajua kuwa kompyuta inaweza kuiona diski na isikuonyeshe? Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Ukiikuta humo na ukubwa wake sahihi, lakini haina herufi, ipe herufi. Huenda kazi ikaishia hapo bila shilingi kukutoka.

Je, wajua kuwa diski nzima kabisa inaweza kuombewa kufomatiwa? Iliyoandaliwa kwa mfumo wa APFS wa kompyuta za Mac, Windows haiielewi, nayo hukimbilia kupendekeza iisafishe. Jibu ni hapana. Mac nayo huisoma NTFS ya Windows, ila haiandiki humo bila programu ya ziada. Mfumo wa exFAT huelewana na zote mbili.

Na kama tayari umebonyeza ndiyo? Kwenye diski ya sahani, kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili, si mafaili yenyewe. Kinachoyaua ni data mpya kuandikwa juu yake. Ichomoe, usihifadhi humo hata wimbo mmoja.

Je, wajua kuwa hata shajara ya karatasi iliyogoma kusomeka, kama diski yako, ilisomwa baada ya miaka 140? Mwaka 1871, akiwa Nyangwe mashariki ya Kongo, mmisionari msafiri David Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi. Akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko. Wino ukafifia, na herufi za gazeti zikaufunika. Mwaka 2011 wataalamu walitoa maandishi yale baada ya kuzipiga picha kurasa kwa mianga mbalimbali, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho.

Je, wajua kuwa nakala ya shajara hiyo ina jina la Unyanyembe? Livingstone aliinakili katika daftari kubwa linalojulikana kama Shajara ya Unyanyembe. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekaa naye Kwihara karibu na Tabora, aliagana naye tarehe 14 Machi 1872 akalibeba kwa njia ya misafara hadi pwani. Asili iliposomeka, ikabainika kuwa nakala ilitofautiana nayo, hasa kuhusu mauaji ya watu aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe.

Turudi kwenye diski: je, wajua kuwa "kurekebisha" kunaweza kuharibu? Amri ya chkdsk ikiagizwa kurekebisha, huandika kwenye diski hiyohiyo mgonjwa. Nakili kwanza. Programu ya bure ya ddrescue huchukua sehemu nzima nzima, huruka zenye kasoro, kisha huzirudia.

Je, wajua kuwa mlio wa "tik, tik" ni amri ya kuzima? Sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika au zaidi, na kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu yake. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe moja ya vumbi la kiangazi yatosha kukwaruza, kwa hiyo usikubali ifunguliwe mezani. Usiitie kwenye friza pia. Unyevu utagandia ndani.

Je, wajua kuwa bodi ya umeme ya diski ikiungua, ya diski pacha huenda isisaidie? Diski nyingi za kisasa zina chipu kwenye bodi inayotunza vipimo vya diski ile ile tu. Chipu hiyo isipohamishwa, bodi mpya ni mgeni asiyejua njia.

Je, wajua kuwa mwinuko wa Tabora hauna hatia? Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na diski nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi mita 3,000. Lawama iendee jua la Oktoba kwenye dashibodi ya gari, na umeme kukatika diski ikiwa inaandika.

Je, wajua kanuni ya 3-2-1? Nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali: picha za Tabora ziwe na nakala kwa ndugu Kigoma au Dodoma. Kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine, kwani nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu.