Kisanduku na Kitufe katika Fomu za Wavuti

Vidhibiti viwili vya fomu za wavuti huchanganywa mara kwa mara katika tafsiri. Kisanduku cha kuteua humruhusu mjazaji kuchagua majibu mengi, au asichague lolote. Kitufe cha redio huruhusu jibu moja tu; jina lake limetokana na redio za zamani za magari, ambamo kitufe kimoja kilipobonyezwa, kilichotangulia kilifyatuka. Asiyezijua redio hizo hapati maana. Hivyo istilahi “kitufe cha jibu moja” yafaa zaidi. Swali kuhusu lugha azijuazo mwananchi likiwekewa vitufe hivyo, ajuaye Kiswahili na Kisukuma hulazimika kuacha mojawapo, na kumbukumbu za ofisi hupotoka. Mfasiri na aulize kwanza: majibu mangapi yanakubalika?